Wasichana Walioitwa Kompyuta

Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilitangaza kazi kwenye gazeti la Philadelphia. Lilitaka wanawake wenye digrii ya hesabu. Kathleen McNulty na rafiki yake Frances Bilas, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza chuo cha Chestnut Hill, waliomba na wakapata. Mshahara: dola 1,620 kwa mwaka. Cheo: kompyuta.

Sisi neno hili lilitufikia likiwa tayari limevaa plastiki na kioo. Hata Wakenya walipolitafutia jina la kwetu, tarakilishi, walikuwa wanakipa jina kifaa. Kwa Kiingereza cha wakati ule kompyuta alikuwa mtu, anakuja kazini asubuhi, anakaa kwenye meza yenye mashine ya kukokotoa, anafanya hesabu mpaka jioni. Hao wa Philadelphia walikuwa wanakokotoa njia ya makombora.

Kwa nini hesabu hiyo ilihitaji ukumbi mzima wa watu? Kosa ni la hewa. Kama hewa isingekuwepo, kombora au risasi ingepita kwenye mchoro mmoja safi ambao mwanafunzi wa sekondari anaweza kuuchora. Kwa muda mrefu wataalamu wa mizinga walifundisha karibu hivyo hivyo, eti hewa ni jambo dogo. Mwingereza Benjamin Robins akaja kuwaumbua mwaka 1742. Alining'iniza kitu kizito kama bembea, akakipiga risasi, akapima kimesogea kiasi gani. Kutokana na hapo akapata kasi ya risasi. Akirudia kwa umbali tofauti, anajua risasi imepoteza kasi kiasi gani njiani. Kumbe hewa inakaba vibaya mno, kuliko yeyote alivyodhani. Miaka mitatu baadaye Leonhard Euler alikitafsiri kitabu chake kwa Kijerumani, akaongeza maelezo yake mpaka yakakizidi kitabu chenyewe kwa urefu. Wafasiri mnaosoma hapa, msijaribu.

Ubaya zaidi ni kwamba hewa haikabi kwa kiwango kimoja. Inategemea kasi, na kasi inapokaribia ile ya sauti mambo yanabadilika ghafla. Kwa hiyo huwezi kuandika fomula moja ukamaliza. Unachukua kipande kidogo cha muda, unatafuta hewa imepunguza kasi kiasi gani, uvutano umeshusha kombora kiasi gani, unapata mahali papya. Halafu unaanza tena kutoka pale. Na tena. Njia moja tu ya kombora, kwa mashine ya mezani, ilimla msichana zaidi ya saa 20, na jedwali la mzinga mmoja lilihitaji njia kama hizo kwa maelfu. Bila jedwali hilo mpiga mzinga hajui auinue mtutu wake kiasi gani. Ana chuma kizito tu.

Kwa bunduki watu walijipatia njia ya mkato tangu karne ya 19. Unapima risasi moja ya mfano kwa makini, halafu kila risasi nyingine unaipa namba inayosema inalinganaje na ile ya mfano. Mtaliano Francesco Siacci ndiye aliyeifanya hesabu hiyo iwe ya kubebeka, miaka ya 1880. Namba ya aina hiyo hadi leo inachapwa kwenye maboksi ya risasi.

Turudi Philadelphia. Mwaka 1945 walichaguliwa wanawake sita kutoka miongoni mwa hao kompyuta: McNulty, Bilas, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff na Ruth Lichterman. Kazi yao ilikuwa kuifundisha ENIAC, mashine ya tani 30 yenye vali zaidi ya 17,000, zile taa za vioo za redio za zamani, kufanya ile kazi waliyokuwa wakiifanya kwa mkono. Mwanzoni hata kuiona hawakuruhusiwa, kwa sababu za usiri wa kijeshi. Walipewa michoro ya nyaya. Kitabu cha kuprogramu hakikuwepo, wala lugha ya kuprogramu. Walijifunza kutoka kwenye michoro, wakabuni namna ya kupanga kazi, halafu wakaipanga kwa nyaya na swichi, kwa mikono yao.

Snyder alikuwa amesomea uandishi wa habari. Profesa wa hesabu, siku ya kwanza darasani, alimwambia afadhali akae nyumbani alee watoto, naye akahama. (Taaluma yetu imefaidika na maprofesa wa aina hii zaidi ya inavyokiri.)

Mashine ilionyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1946. Usiku wa kuamkia maonyesho, programu ya Snyder na Jennings ilikuwa na kasoro ya ajabu: kombora likifika chini halisimami, hesabu inaendelea kulishusha ndani ya ardhi. Snyder akaenda kulala. Asubuhi akarudi moja kwa moja kwenye swichi fulani, moja kati ya maelfu, akaibadilisha. Siku hiyo ENIAC ilikokotoa njia ya kombora kwa muda mfupi kuliko kombora lenyewe linavyokaa hewani.

Jioni kukawa na chakula cha kusherehekea. Wanawake wale hawakualikwa. Magazeti yakaisifu mashine na wanaume walioiunda. Miaka ya 1980 Kathy Kleiman, akiwa mwanafunzi, aliuliza ni kina nani wale wanawake kwenye picha za ENIAC. Akajibiwa ni wanamitindo, waliwekwa pale kupamba, kama wanavyowekwa kwenye matangazo ya mafriji.

Mimi lakini sitaki kuwafanya malaika. Majedwali yao yalikuwa ya kuua kwa usahihi, na walijua. Tena ENIAC ilichelewa vita. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni kwa ajili ya Los Alamos. McNulty mwenyewe alizaliwa Donegal, Ireland, Februari 1921, na usiku ule ule baba yake akakamatwa kwa kuwa mwanachama wa IRA. Nyumbani walizungumza Kiairishi. Kiingereza alikikuta Marekani. Binti wa mpiganaji aliyefungwa akaja kuwa mkono wa mizinga ya jeshi jingine. Nimelifikiria hilo mara nyingi na bado halijatulia kichwani.

ENIAC ilihamishiwa Aberdeen, Maryland, mwaka 1947. Katika maabara ya jeshi ya hapo hapo Robert McCoy aliandika, mwaka 1981, programu iitwayo McDrag ya kukadiria hewa itaikaba vipi risasi au kombora la umbo fulani. Leo mlenga shabaha ana programu kwenye simu. Anaingiza kasi ya risasi, ile namba ya kwenye boksi, upepo, joto, mwinuko wa mahali, maana hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa na risasi inalijua hilo. Jibu linatoka kabla hajapepesa macho. Ndani, programu nyingi bado zinakwenda kipande kwa kipande cha muda, vilevile, na kila baada ya kipande zinauliza kama risasi imeshafika mwisho wa safari.