Chupa, Lema na Mafuta ya Karafuu

Jaribu kumkamata kitatange kwa mkono. Anaona kivuli chako kabla hujanyoosha kidole, anajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, kisha anageuka kukutazama kana kwamba wewe ndiye uliye ndani ya kioo. Mvuvi wa kitoweo hana shida sana: samaki akifa njiani, bado ataliwa. Samaki wa mapambo akifa ni hasara tupu. Kwa hiyo tangu watu waanze kufuga samaki wa baharini nyumbani, swali limekuwa lile lile: utamtoaje mwambani akiwa hai, na mwamba ubaki mzima?

Wa kwanza hawakujali hiyo sehemu ya pili. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium. Waingereza wakashikwa wazimu. Walishuka ufukweni na ndoo na patasi, wakakomba vidimbwi vya mawe. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu kwamba pwani alizozijua utotoni zilikuwa zimeharibiwa, na kwamba kazi ya baba yake ilichangia. Yaani mashabiki wa bahari ndio walioimaliza.

Halafu ikaja sumu. Kuanzia miaka ya 1960 wapiga mbizi wa Ufilipino walianza kupuliza sianidi mwambani kwa vichupa vya plastiki. Samaki analewa, anaokotwa. Wengine wanakufa pale pale, wengine baadaye wakiwa tayari sebuleni kwa mtu, na matumbawe nayo yanaumia. Sisi pia tusijifanye watakatifu: pwani hii inajua utupa, majani yanayotwangwa na kutiwa kwenye maji ili samaki walegee, na inajua utomvu wa mnyaa. Sheria ya uvuvi ya Kenya ya 2016 inakataza sumu na baruti. Hata hivyo, wakusanyaji wetu wa samaki wa mapambo wanajulikana kwa nyavu: wavu mdogo unatandazwa kama ua kando ya mwamba, samaki anasukumwa taratibu, anatekwa kwa kijiwavu cha mkono.

Ubunifu ninaoupenda zaidi ulitoka kwa wafugaji wenyewe, watu wa kawaida wenye tangi nyumbani na samaki mmoja mkorofi anayewauma wenzake. Ukimfukuza kwa wavu utabomoa mawe yote uliyoyapanga. Basi wakakata chupa ya plastiki, shingo wakaigeuza kuingia ndani, wakatia chakula. Samaki anafuata chakula kupitia mdomo mpana, anajikuta ndani, na njia ya kutoka haioni. Wengine wakatumia mrija mpana wenye pistoni, kama sindano kubwa ya hospitali: unaukaribisha, unavuta, maji yanaingia na samaki ndani yake. Hakuna wavu wa kukwaruza magamba.

Binamu yangu wa Ukunda alipoitengeneza ile ya chupa (mwaka nilioacha chuo, nilikuwa na muda mwingi wa kumtazama), babu alicheka. "Hilo si lema, mwanangu?" Kumbe ndiyo. Lema, ambalo Zanzibar huitwa dema, ni ule mtego wa kusuka kwa fito, mdomo wake ukiingia ndani kama shingo ya ile chupa. Samaki anaweza kukaa humo akiwa hai mpaka mwenyewe aje.

Lema nalo lina kosa lake: linakamata kila anayeingia. Vitatange na samaki wachanga, ambao thamani yao kama kitoweo ni ndogo, wanafia humo. Ayana Elizabeth Johnson alijaribu huko Curaçao kuacha mianya myembamba kwenye mitego, na mwaka 2010 akachapisha matokeo: samaki wembamba wanatoka, wanene wanabaki. Mwaka 2013 Mbaru na McClanahan nao wakachapisha utafiti wa malema yenye mianya katika pwani yetu. Samaki walionaswa walikuwa wakubwa zaidi, na kipato kikapanda. Kitatange akaachwa mwambani, kwa kisu na fito mbili tu.

Kuna na njia ya katikati, ya kulevya bila kuua, na hapo Pemba inaingia. Mafuta ya karafuu, yale yale ya jino, humlewesha samaki. Mwaka 1997 Munday na Wilson waliyalinganisha na dawa nyingine za kulevya samaki, na mwaka 1999 Mark Erdmann aliuliza kama yangeweza kuchukua nafasi ya sianidi. Kipimo kikizidi, matumbawe nayo huumia, kwa hiyo si miujiza. Lakini inachekesha kidogo kwamba wengine walihitaji utafiti kuona kilichokuwa kwenye rafu ya kila duka la dawa za asili Mombasa.

Sasa pesa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2003 ilihesabu aina 1,471 za samaki wa baharini wanaouzwa kwa ajili ya matangi. Ripoti hiyo hiyo inasema kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka Maldives mwaka 2000 ilifika karibu dola 500, na kilo ya samaki wa kula dola 6. Ukiona pengo hilo unaelewa kwa nini mtu anashuka mbali, na kwa nini anapanda haraka kuliko inavyofaa. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa kinavimba. Mzamiaji aliyepanda haraka anaweza kupooza.

Nilimweleza kijana mmoja wa Msambweni, mzamiaji, kuhusu ule mrija wa pistoni. Alisikiliza vizuri, akaniuliza unavuta samaki wangapi kwa mara moja.

"Mmoja," nikasema.

"Na mimi nalipwa kwa samaki, kaka. Huo mrija atanunua nani?"