Wakili Aliyeiacha Mahakama: Munshi Ram na Wito wa Umri wa Kati

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila tunapoadhimisha mwaka wa mandir yetu, tunawataja waliotoa ardhi, waliotoa saruji na waliotoa fedha, na ni haki yao kutajwa. Lakini taasisi za dini na elimu hazikuundwa kwa saruji pekee. Ziliundwa pia na watu waliofika mahali fulani maishani, wakaamua kwamba kazi iliyokuwa ikiwalisha haikutosha tena kuitwa maisha yao. Katika kurasa hizi tunamkumbuka mmoja wao. Aliishi mbali na pwani yetu, lakini historia yake inawagusa wale miongoni mwetu waliovuka miaka 40 na wangali wanabeba kimya kimya wito ambao hawajauitikia.

Majirani zetu wasio Wahindu huenda wasijue kwamba mapokeo yetu huyagawa maisha ya mwanadamu katika vipindi vinne, viitwavyo ashrama. Cha kwanza ni cha mwanafunzi. Cha pili ni cha mwenye nyumba, anayeoa, anayelea na kutafuta riziki. Cha tatu, vanaprastha, humjia mtu anapoona mvi kichwani na wajukuu uani. Hapo huanza kulegeza mkono wake juu ya mali na kuelekea msituni. Cha nne ni cha mtawa aliyeacha vyote. Mafundisho haya yanajulikana na wengi, ila wanaoyatekeleza ni wachache, kwa kuwa duka halifungiki kwa urahisi, na msitu, siku hizi, haupo nyuma ya nyumba. Munshi Ram ni mmoja wa wale walioyatekeleza, na msitu alioingia ulikuwa msitu wa kweli.

Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Talwan, wilaya ya Jalandhar, nchini Punjab. Baba yake alikuwa afisa wa polisi katika utumishi wa Waingereza, akihamishwa kutoka mji hadi mji, na mwana akakua akihama naye. Ujana wake haukuwa wa kitawa. Alipoteza imani, akazoea ulevi na anasa za vijana wenye nafasi, na baadaye aliyasimulia hayo bila kuficha katika kitabu cha maisha yake. Mwaka 1879, huko Bareilly, baba yake alimhimiza aende kumsikiliza Swami Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj. Kijana alikwenda kwa dharau, akarudi ametikisika. Hata hivyo hakubadilika usiku mmoja. Ilipita miaka kadhaa kabla hajajiunga na Arya Samaj, na katika miaka hiyo alisomea sheria na kuanza kazi ya uwakili mjini Jalandhar.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu hadithi za watu wakuu mara nyingi husimuliwa kana kwamba radi iliwapiga wakaamka wapya. Kwa Munshi Ram mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Alipokuwa wakili mwenye wateja na nyumba nzuri, alianzisha gazeti la kueneza mageuzi. Binti yake aliporudi kutoka shule ya wamisionari akiimba nyimbo alizofundishwa huko, baba alijiuliza kwa nini jamii yake yenyewe haikuwa na shule ya kuwapokea wasichana. Pamoja na shemeji yake, Lala Devraj, akashiriki kuanzisha shule ya wasichana mjini Jalandhar, wakati ambapo wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza fedha. Haya yote aliyafanya jioni na siku za mapumziko, huku asubuhi akisimama mahakamani.

Mwaka 1891 mkewe, Shiv Devi, alifariki. Munshi Ram alikuwa na miaka 35, na watoto wanne walibaki mikononi mwake. Desturi ya wakati ule ingemruhusu kuoa tena mara moja, lakini hakuoa. Tangu hapo alikuwa na hoja zote ambazo mtu wa makamo huwa nazo za kutothubutu: watoto wasio na mama, kazi yenye kipato, jina linaloheshimika mjini. Hakuna kati ya hoja hizo iliyokuwa ya uongo.

Wito wenyewe ulikuwa wa elimu. Dayananda alikuwa amefundisha juu ya gurukul, yaani shule ambayo wanafunzi huishi pamoja na mwalimu wao, wakisoma Veda na kuishi maisha ya nidhamu. Arya Samaj ya Punjab ilikuwa tayari na chuo kikubwa mjini Lahore, lakini viongozi walitofautiana vikali juu ya masomo yake na juu ya ulaji wa nyama, na mwaka 1893 wakagawanyika. Munshi Ram alikuwa upande uliotaka gurukul. Wengi waliliunga mkono wazo hilo kwa maneno, lakini fedha za kulitekeleza hazikuwepo.

Ndipo alipofanya jambo linalotufundisha zaidi kuliko hotuba zake. Mwishoni mwa karne ya 19, akiwa amepita miaka 40, aliweka nadhiri hadharani kwamba hataingia nyumbani kwake hadi akusanye rupia 30,000 kwa ajili ya shule hiyo. Wakili aliyezoea kulipwa akazunguka mji hadi mji kuomba. Wapo waliomcheka. Lakini nadhiri iliyotamkwa mbele ya watu ilikuwa imeufunga mlango wa nyuma: asingeweza kurudi kimya kimya kwenye maisha ya zamani bila kila mtu kujua. Fedha zilipatikana, hata zikapita kiwango alichokiweka.

Shule ilianza Gujranwala mwaka 1900. Kisha Munshi Aman Singh wa Najibabad akatoa kijiji chake cha Kangri, ng'ambo ya mto Ganga karibu na Haridwar, na mwezi Machi 1902 gurukul ikahamia huko. Munshi Ram alikuwa na miaka 46. Palikuwa na vichaka, wanyama wakali na vibanda vya nyasi. Wazazi walisita kuwapeleka wanao mahali pa namna hiyo. Yeye aliwapeleka wake kwanza: wanawe wawili, Harishchandra na Indra, walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo. Aliacha uwakili, na baadaye akaitoa kwa gurukul hata nyumba yake ya Jalandhar. Hapo ndipo watu walipoacha kumcheka.

Masomo yote, pamoja na sayansi, yalifundishwa kwa Kihindi, wakati ambapo Kiingereza ndicho kilichofungua milango ya ajira serikalini. Watawala wa Kiingereza waliishuku shule hiyo kuwa pango la uasi, kisha wakaja wenyewe kuiona. Ramsay MacDonald, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa mmoja wa wageni wake. Wanafunzi walifanya kazi za mikono ili kuchangia mapambano ya Wahindi wa Afrika Kusini, na vijana wa makazi ya Phoenix walipofika India kabla ya Gandhi, walipokewa Kangri. Gandhi mwenyewe alizuru gurukul mwaka 1915.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 61, Munshi Ram aliingia kipindi cha nne akawa mtawa, akapewa jina la Swami Shraddhananda. Mwaka 1919, mjini Delhi, alikifunua kifua chake mbele ya bunduki za askari, na siku chache baadaye Waislamu wa mji huo wakamkaribisha kuhutubia katika Jama Masjid. Miaka iliyofuata haikuwa na umoja huo. Alijiingiza katika harakati za kuwarejesha watu katika dini ya Kihindu, uhasama baina ya jamii ukazidi, na tarehe 23 Desemba 1926 akauawa nyumbani alipokuwa mgonjwa kitandani. Tunayaandika haya kwa kuwa majirani zetu wa dini nyingine nao husoma jarida hili, na historia iliyokatwa nusu haimheshimu mtu yeyote.

Je, yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Reli iliyotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka Punjab ile ile. Mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya Kangri, Arya Samaj ikaanzishwa Nairobi. Nanji Kalidas Mehta, aliyekuja huku akiwa kijana na kujenga kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924, katika miaka ya 1930 aliigeukia elimu ya wasichana, akaanzisha gurukul yao Porbandar. Mfanyabiashara wa makamo alikuwa amekumbuka kwamba faida si mwisho wa hesabu.

Hatumwambii msomaji yeyote afunge duka kesho. Munshi Ram naye hakuifunga ofisi yake siku aliyomsikia Dayananda. Alianza na kazi za jioni, akaendelea nazo kwa miaka mingi. Lakini mwalimu mstaafu aliyetamani siku zote kufundisha Kisanskriti, mama aliyelea watoto wote na sasa anataka kusomea uuguzi, mhasibu ambaye moyo wake uko kwenye tabla: hao wote wamo katika safu za mandir hii, na tunawafahamu. Kwao tunasema, anzeni na jioni moja. Kisha litamkeni jambo hilo mbele ya watu mnaowaheshimu, ili siku ya kukata tamaa pawe na wa kuwauliza, "Umefikia wapi?" Na sisi wengine tuwe wale wa kuuliza kwa upendo, na, ikibidi, wa kutoa ardhi.