Jela ya Roma ilikuwa ya kungojea tu

Ukiambiwa mtu ametupwa jela, unauliza amepewa miaka mingapi, si ndio? Sasa skiza. Kwa Warumi wa kale hilo swali halikuwa na maana sana.

Jela yao ya zamani, Carcer, bado iko chini ya kilima cha Capitoline kule Roma. Ina vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Cha chini kinaitwa Tullianum, na mfungwa alikuwa anashushwa kupitia tundu kwenye dari. Mwanahistoria Sallust aliandika kwamba kina chake ni kama futi 12. Giza, uchafu, harufu mbaya.

Kilichonishtua si hilo shimo. Kwa sheria yao, kifungo hakikuwa adhabu ya kawaida. Ulikuwa unangoja kesi ama unangoja kuuawa. Yaani rumande, basi. Jugurtha, mfalme wa Numidia (Algeria ya leo, Mwafrika mwenzetu), alitembezwa mjini mwaka wa 104 KK kwenye gwaride la ushindi la Marius, kisha akatupwa humo. Hakutoka.

Lakini kisa kinachonikalia vibaya ni cha 63 KK. Wanaume watano, raia wa Roma, walishukiwa kupanga mapinduzi pamoja na Catiline. Julius Caesar alisimama kwenye Seneti akasema wasiuawe, wazuiliwe kwenye miji mingine ya Italia. Hakusikizwa. Jioni hiyo hiyo konsuli Cicero, wakili mkubwa kabisa, akasimamia wakishushwa Tullianum na kunyongwa kwa kamba. Bila kesi kortini! Watu walimshangilia, ila 58 KK ilibidi aende uhamishoni kwa sababu ya hayo maamuzi.

Ungedhani basi Caesar ndiye mtu mzuri hapa. Wapi! Vercingetorix, kiongozi wa Wagali, alijisalimisha kwake mwaka wa 52 KK. Caesar akamweka kifungoni miaka sita. Hakukuwa na kesi inayoendelea. Jamaa alikuwa na vita vingine vya kumaliza kabla ya kufanya sherehe yake. Mwaka wa 46 KK gwaride likafika, mateka akaonyeshwa umati, akauawa.

Leo juu ya hiyo jela kuna kanisa, na Wakristo wengi huamini Petro na Paulo walifungwa humo. Watalii hushuka kwa ngazi. Tundu bado liko pale kwenye dari.