"Sisi wote ni weusi, ubaguzi gani?" (uzi wa leo)

Kila mjadala wa siasa huku Kisumu, mwanamke akisema ametukanwa rangi mtandaoni, jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya Marekani, sisi wote ni weusi. Wadau, hebu tuangalie historia kidogo.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Uliokua baadaye ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa juu kwenye upepo, Wahindi karibu na maduka, Mwafrika pembeni au nje kabisa ya mpaka. Ngozi yako ndiyo iliyosema utalala wapi na utafanya kazi gani. Mambo hayo yalienda miaka 60 hivi, halafu tunashangaa ngozi nyepesi ikionekana kama cheti.

Uhuru ulibadilisha mengi, huo ukweli tuseme. Mwaka 1965 Kisumu ilipata meya mwanamke, wa kwanza Kenya nzima. Lakini kipimo cha ngozi kilibaki. Watafiti waliokuwa wanafuatilia zebaki eneo la Ziwa Victoria walichapisha mwaka 2001 kwamba sabuni za kung'arisha ngozi huenda zinawatia watu sumu. Zebaki! Mtu anaoga sumu ili aonekane mwepesi, na bado unaniambia hakuna shida ya rangi.

Sasa mtandao. Mwaka 2014, siku chache kabla apewe Oscar, Lupita Nyong'o, ambaye familia yake ni ya huku kwetu Nyanza, alieleza kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe kidogo. Alisimulia pia barua aliyotumiwa na msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaacha baada ya kumwona yeye. Novemba 2017 gazeti moja la Uingereza, Grazia, likamtoa kwenye jalada likiwa limefuta sehemu ya nywele zake. Alilalamika mwenyewe kwenye kurasa zake, wanawake weusi wa kila nchi wakamuunga mkono, na gazeti likaomba radhi.

Mtasema huyo ni staa. Sawa. Rudini Novemba 2014, mwanamke alipovuliwa nguo hadharani Nairobi kwa madai kuwa amevaa vibaya. Akina mama wa kikundi cha Facebook, Kilimani Mums, waliitisha maandamano, na tarehe 17 watu wakajaa barabarani na #MyDressMyChoice. Wapo waliojibu kwa tag yao, #NudityIsNotMyChoice. Lakini kabla mwaka kuisha, kumvua mtu nguo kwa nguvu kuliwekwa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251A. Kinachoudhi ni kwamba kifungu kiliingizwa ndani ya sheria kubwa ya usalama iliyopingwa sana, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8 vya sheria hiyo. Hiki kilibaki. Kwa hivyo ukiambiwa kelele za mtandaoni hazifiki popote, taja 251A.

Ila kuna tofauti ambayo hatupendi kuisema. Staa akitukanwa, dunia inaamka. Mama anayeuza samaki Dunga akitukanwa rangi kwenye grupu la wadi, nani anaamka?

Binamu yangu aligombea uongozi wa wanafunzi. Akaweka picha yake, na komenti ya kwanza ikawa: ongeza mwanga wa simu, hatukuoni. Aliyeandika ni mweusi kama yeye, na alipata vicheko vingi kuliko sera zake zote. Binamu alitaka kuifuta picha. Mama yake akapeleka habari kwenye WhatsApp ya chama chao, na usiku huo wamama ambao hata kuandika komenti ni shida kwao walijaa pale, mmoja mmoja, wakimwita jina lake na kumuuliza ataifanyia nini bweni isiyo na maji.

Alishindwa kwa kura chache. Picha bado iko.