Mkahawa wa Pupusa: Historia ya Uhamisho wa Wasalvador

Katika mtaa wa Mount Pleasant mjini Washington, na kando ya barabara ya Vermont mjini Los Angeles, ipo mikahawa midogo ambayo mpita njia haoni sababu ya kuitazama mara mbili. Meza zimetandikwa plastiki, runinga inaonyesha kandanda, bendera ya buluu na nyeupe imetundikwa ukutani, na kutoka jikoni husikika viganja vikipiga unga. Mwenye mkahawa ndiye mpishi. Bintiye hupokea fedha. Mjukuu hufanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni. Anayeketi huletewa pupusa mbili au tatu za moto, bakuli la kabichi iliyotiwa siki na mchuzi mwepesi wa nyanya. Hula kwa mkono, hulipa kidogo, huenda zake.

Wanaoandika juu ya vyakula huiita mikahawa hii ya kawaida, ya kifamilia. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha swali kubwa bila jibu. Kwa nini familia hizi zilijikuta jikoni, ugenini, zikipika chakula cha wakulima wa nchi ndogo kuliko zote za Amerika ya Kati? Jibu halimo katika ladha peke yake. Limo katika historia ya ardhi, ya vita na ya sheria za uhamiaji, na kila moja ya hizo imeacha alama yake juu ya meza.

Pupusa ni mkate bapa wa mahindi uliojazwa kitu ndani. Mpishi huchukua donge la unga uliokandwa, hulibonyeza katikati mpaka likafanya kikombe, hutia jibini, maharage yaliyopondwa, au nyama ya nguruwe iliyopikwa na kusagwa, kisha huufunga mdomo wake na kulipiga baina ya viganja mpaka liwe duara. Ikichanganywa mitatu hiyo pamoja huitwa revuelta, yaani iliyovurugwa. Ipo pia iliyotiwa loroco, machipukizi ya ua la mmea utambaao ambao jina lake linatokana na Kinahuat, lugha ya wenyeji wa asili. Huko Marekani loroco hufika likiwa limegandishwa, au likiwa ndani ya chupa za maji ya chumvi, na wateja hulitafuta hivyo hivyo.

Unga wenyewe haupatikani kwa kusaga punje kavu. Mahindi huchemshwa kwanza katika maji yaliyotiwa chokaa, hulazwa, huoshwa, ndipo husagwa yakiwa mabichi. Chokaa hulainisha ganda, huufanya unga ushikane, na huifungua vitamini ya niasini ambayo bila hivyo mwili hauipati. Zao hili lilipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, elimu hiyo haikusafiri nalo. Ndiyo maana ugonjwa wa pelagra uliwaandama maskini wa Italia ya kaskazini na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi karibu peke yake, lakini haukuwa janga la Amerika ya Kati. Mpishi asiyejua jina la vitamini hiyo anatunza ujuzi ulioanza kabla Columbus hajazaliwa.

Ushahidi wa ukale huo uko chini ya majivu. Mwaka 1976, mashine iliyokuwa ikisawazisha ardhi katika bonde la Zapotitán, magharibi ya San Salvador, ilifukua nyumba ya udongo. Kumbe palikuwa na kijiji kizima, Joya de Cerén, kilichofukiwa na mlipuko wa volkano ya Loma Caldera zaidi ya miaka 1300 iliyopita. Wachimbuzi walikuta mawe ya kusagia, mahindi, maharage na pilipili; mwaka 2007 walitambua hata shamba la muhogo. Hawakukuta miili ndani ya nyumba. Watu walikuwa wamekimbia, wakaviacha vyombo na vyakula vyao. Mahali hapo pamekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1993.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wanakijiji wale walikula pupusa kama inavyoliwa leo. Jibini na nguruwe vilikuja na Wahispania, ambao jeshi lao liliingia chini ya Pedro de Alvarado mwaka 1524. Kabichi nayo ilitoka Ulaya. Mchele, ambao mji wa Olocuilta umejipatia sifa kwa kuufanyia pupusa zake, ulitoka mbali zaidi. Chakula cha taifa, kama lugha ya taifa, huwa na mikopo mingi kuliko wapenzi wake wanavyotaka kukiri.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitazama orodha ya vyakula hivi kwa jicho la pekee. Humo ataona yuca frita, muhogo wa kukaanga unaoliwa na kabichi ya siki, na atakumbuka muhogo na pilipili wa jioni kando ya bahari ya Mombasa au Unguja. Mmea ni ule ule, na pwani ya Afrika Mashariki iliupata kutoka Amerika. Ataona pia kinywaji cha tamarindo, ambacho ni ukwaju. Hapo safari iligeuka: mkwaju ni mti wa Afrika, nao ulikwenda Amerika. Majina yanachekesha zaidi. Tamarindo limetoka katika Kiarabu, tamr hindi, tende ya Kihindi. Na Waswahili walilipa zao la Amerika jina la mahindi. Vitu viwili, kimoja cha Afrika na kingine cha Amerika, vimekutana juu ya meza moja mjini Washington, kila kimoja kikiwa na jina la India, na hakuna hata kimoja kilichozaliwa huko. Bahari ilibadilishana mali, na walioipokea waliipa jina la mlango ilimopitia, au waliodhani ilimopitia.

Lakini watu hawakusafiri kwa wepesi wa mbegu. Mwaka 1881 na 1882 serikali ya El Salvador ilifuta umiliki wa pamoja wa ardhi ya vijiji ili kuipisha kahawa. Wakulima waliokuwa na shamba la mahindi wakawa vibarua katika mashamba ya wengine. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya 1929, njaa na ghadhabu vilikomaa pamoja. Mnamo Januari 1932 wakulima wa magharibi waliasi, na serikali ya Jenerali Maximiliano Hernández Martínez ikajibu kwa mauaji ambayo Wasalvador huyaita La Matanza, yaani Machinjo. Makadirio ya waliouawa huanzia 10,000 na kupanda hadi 30,000 na zaidi, wengi wao wenyeji wa asili. Baada ya hapo kuvaa nguo za asili au kuzungumza Kinahuat hadharani kukawa hatari. Wazazi wakaacha kuwafundisha watoto. Lugha ilinyamaza, lakini maneno yake machache yalibaki jikoni, mahali ambapo askari hawakufikiri kuyatafuta. Loroco ni mojawapo.

Kuondoka nchini nako hakukuanza na vita. Roque Dalton, mshairi aliyeuawa na wenzake wa msituni mwaka 1975, aliwahi kuandika shairi linalowaorodhesha Wasalvador waliotawanyika, wakiwemo waliofanya kazi katika mfereji wa Panama, na akaliita shairi la mapenzi. Wengine walivuka kwenda Honduras kutafuta ardhi, wakafukuzwa kwa maelfu. Mnamo Julai 1969 nchi hizo mbili zikapigana vita vya siku chache. Kwa upande wa Washington, waliotangulia walikuwa wanawake. Katika miaka ya 1960 na 1970 maofisa wa balozi na wa mashirika ya kimataifa waliwaleta kuwa yaya na watumishi wa nyumbani. Wao ndio walioijua njia, wakawaita ndugu na waume baadaye. Mji mdogo wa Intipucá, katika mkoa wa La Unión, ulipeleka watu wengi Washington kiasi cha kujulikana kwa jambo hilo.

Kisha vita vikaja. Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980. Mnamo Desemba 1981 jeshi liliwaua mamia ya wanakijiji wa El Mozote na vitongoji vyake, watoto wakiwa wengi. Mpaka mapatano yalipotiwa saini katika kasri la Chapultepec, Meksiko, tarehe 16 Januari 1992, watu wapatao 75,000 walikuwa wamekufa. Waliokimbilia Marekani walikuta mlango mgumu. Washington ndiyo iliyokuwa ikilifadhili jeshi la serikali ya El Salvador. Kumkubali mkimbizi wake kulikuwa ni kukiri kwamba rafiki anaua. Mwaka 1984 maombi ya hifadhi yaliyokubaliwa hayakufika 3 katika kila 100. Makanisa yalilazimika kwenda mahakamani, na ni mwaka 1991 tu ndipo suluhu ya kesi hiyo ilipowapa waombaji haki ya kusikilizwa upya. Mwaka huo huo, mwezi Mei, mtaa wa Mount Pleasant uliwaka moto kwa siku kadhaa baada ya polisi kumpiga risasi Msalvador mmoja. Watu ambao mji ulikuwa ukila chakula chao na kulelewa watoto wake nao ulikuwa bado haujawaona.

Hapa ndipo mkahawa unapopata maelezo yake. Sheria ya uhamiaji ya 1986 ilihalalisha walioingia kabla ya tarehe 1 Januari 1982, ikawaacha nje wengi wa wakimbizi wa vita. Pamoja na hayo iliweka adhabu kwa mwajiri atakayemwajiri asiye na kibali. Mtu aliyenyimwa hifadhi na kunyimwa ajira hubakiwa na kile anachoweza kufanya mwenyewe. Wanawake walipika majumbani, wakauza kwenye viwanja vya kandanda siku za Jumapili, kwenye milango ya makanisa na kando ya njia. Kuuza kando ya njia kulikuwa na hatari yake: California haikuacha kukuhesabu kuwa jinai mpaka sheria iliyotiwa saini mwaka 2018. Aliyejaliwa kuweka akiba alikodi chumba chenye jiko. Mtaji wake ulikuwa mikono yake na ya watoto wake.

Kwa hiyo neno "kifamilia" lina uzito ambao msifu wa vyakula hauoni. Linasema kwamba binti hapokei mshahara, kwamba mjukuu ndiye anayesoma barua za serikali kwa sababu bibi hajui Kiingereza, na kwamba unafuu wa bei unaomfurahisha mlaji umelipiwa na saa ambazo hakuna aliyezihesabu. Kusema hivi si kuwasikitikia. Familia nyingi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa unga huo. Ila si haki kuusifu upendo wa jikoni na kuisahau sheria iliyowasukuma humo.

Orodha ya vyakula nayo ni waraka wa historia. Mikahawa mingi huuza pupusa pamoja na tako na burito, ambavyo si vya El Salvador. Sababu moja ni soko: mteja wa Marekani aliijua Meksiko kwanza. Sababu nyingine ni ya uchungu zaidi. Aliyepita Meksiko bila kibali alijifunza kujifanya Mmeksiko ili asirudishwe. Lugha ndiyo iliyowasaliti wengi, kwa kuwa Msalvador humwita mwenziwe vos pale ambapo Mmeksiko husema tú. Neno moja dogo lilitosha kumtia mtu mikononi mwa askari, basi wakaliacha, na wengine hawakulirudia hata baada ya kufika. Katika mkahawa wa pupusa vos husikika tena, kutoka kwa mpishi kwenda kwa mhudumu, bila mtu kuangalia nyuma. Wanaojua jinsi lafudhi inavyoweza kumtaja mtu kabla hajataja jina lake wataelewa thamani ya meza kama hiyo.

Kuta hukamilisha maelezo. Mara nyingi pana picha ya Romero, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018. Wateja wengi walikuwa wamemwita hivyo tangu zamani. Pana pia michoro ya nyumba nyeupe, ndege na milima kwa rangi kali, mtindo ambao Fernando Llort aliuanzisha katika mji wa La Palma. Vigae alivyoipambia Llort sura ya kanisa kuu la San Salvador viling'olewa mwishoni mwa 2011. Mtindo wake unaishi katika mikahawa ya ng'ambo, umechorwa na watu ambao huenda hawakupata kuliona kanisa hilo.

Mwaka 2001 ulianza kwa El Salvador kuipokea dola kuwa fedha yake, na matetemeko ya Januari na Februari yakafuata. Marekani ikawapa Wasalvador waliokwisha kuwamo hifadhi ya muda. Kwa kawaida hifadhi hiyo hutolewa kwa vipindi visivyozidi miezi 18, kisha hungojewa tangazo. Mnamo Januari 2018 ilitangazwa kuwa itakoma, na mahakama ndizo zilizozuia. Wakati huo huo Bunge la El Salvador lilikwishaitangaza pupusa, mwaka 2005, kuwa chakula cha taifa, na kuitengea Jumapili ya pili ya Novemba. Fedha zinazotumwa na walio ng'ambo zinakaribia robo ya pato la nchi hiyo.

Hivyo chakula kimepata hadhi ya kudumu kabla ya mpishi wake. Mwanamke anayekodi chumba huko Los Angeles hutia saini mkataba wa pango wa miaka kadhaa, hununua jiko kwa mkopo na kuwaandikisha watoto shule, hali kibali chake cha kukaa kinahesabiwa kwa miezi. Asubuhi huwasha chuma, hupaka mikono mafuta na kuanza kupiga unga, kwa kuwa wateja wa kwanza huja mapema, kabla ya zamu zao za kazi.