Maleba au Kifaa? Usanifu wa Dalek katika Televisheni ya Uingereza, 1963

Sehemu hii inahoji uainishaji uliozoeleka katika historia ya tamthilia za kubuni za kisayansi: kwamba Dalek, viumbe wa sayari ngeni katika mfululizo wa Doctor Who, ni kifaa cha jukwaani na si maleba. Chanzo cha uainishaji huo ni cha kiofisi. Dalek walisanifiwa na Raymond Cusick, mwajiriwa wa BBC aliyekuwa msanifu wa mandhari, si wa mavazi. Mgawanyo wa idara umerithiwa kana kwamba ni mgawanyo wa sanaa.

Mwandishi wa hati, Terry Nation, alitaka viumbe wanaoteleza sakafuni bila miguu kuonekana, wazo alilolihusisha na wacheza ngoma wa Georgia ambao magauni yao marefu huficha hatua zao. Hivyo, mfano wa awali ulikuwa wa vazi. Tatizo lililobaki kwa Cusick lilikuwa la mwili: magoti na viwiko humsaliti binadamu aliyevalishwa umbo la mnyama. Suluhisho lake lilikuwa kumketisha mwigizaji. Ndani ya kila Dalek kulikuwa na kiti, na mwigizaji alijisukuma kwa miguu yake mwenyewe, chombo kikibingirika juu ya magurudumu madogo. Sauti ilitolewa na waigizaji wengine nje ya umbo hilo, lakini mwendo, kusita na kugeuka vilikuwa vya aliyeketi ndani.

Yawezekana kupinga kwamba ganda gumu lisilofuata umbo la mwili haliwezi kuitwa vazi. Hoja hiyo ni dhaifu. Buibui nalo halikusudiwi kufuata umbo la mvaaji, wala hakuna anayeliita kifaa. Kwa maoni yangu, kigezo ni mwili unaokipa kitu uhai kutoka ndani.

Suala hili si la istilahi pekee. Nation, mwandishi wa kujitegemea, alibaki na sehemu ya haki za Dalek, na akanufaika pale vitu vya kuchezea vyenye sura yao vilipojaa madukani katikati ya miaka ya 1960. Cusick alikuwa mtu wa mshahara. Bakshishi aliyopewa inatajwa kuwa paundi 100. Ilhali kilichonunuliwa na watoto kilikuwa umbo: kuba, jicho kwenye mpini, na sketi yenye safu za nusu-tufe, yote kutoka katika michoro ya Cusick.