Kiambaza cha Alloway

Majumba ya wafalme hujengwa yadumu. Nyumba ya mkulima hujengwa ikaliwe. Ndiyo maana ngome na makasri yamesalia kwa wingi, ilhali vibanda vya waliowalisha wenye ngome hizo ni nadra kuonekana. Nyumba moja iliyosalimika imo katika kijiji cha Alloway, karibu na mji wa Ayr, Uskoti. Humo alizaliwa mshairi Robert Burns, tarehe 25 Januari 1759.

Baba yake, William, mtunza bustani, aliijenga kwa mikono yake mwaka 1757 katika kipande cha ardhi alichokikodi. Ni nyumba ndefu, ya chini, kiambaza chake ni cha udongo na paa lake limeezekwa kwa nyasi. Watu na mifugo waliishi chini ya paa moja: upande mmoja jiko na chumba, upande wa pili ghala na zizi. Kitanda alichozaliwa mshairi kimo jikoni, kimeingizwa ukutani. Siku chache baada ya kuzaliwa kwake, dhoruba iliangusha sehemu ya ukuta, mama na mwanawe wakahifadhiwa kwa jirani.

Utotoni mwake mama yake, Agnes, alimwimbia nyimbo za kale, na Betty Davidson, jamaa wa mama huyo, alimsimulia hadithi za mizuka na wachawi. Katika barua ya mwaka 1787, Burns mwenyewe alikiri kwamba hadithi za bibi huyo ziliirutubisha mbegu ya ushairi iliyokuwa ndani yake.

Mwaka 1786 alichapisha kitabu chake cha kwanza mjini Kilmarnock, nakala 612, na jina lake lilitangaza wazi kuwa mashairi hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya lahaja ya Kiskoti. Wakati huo alikuwa amekwisha kusudia kwenda Jamaica kufanya kazi katika shamba lililolimwa na watumwa. Kufaulu kwa kitabu ndiko kulikombakiza kwao. Mwambao unaojua mikarafuu ilipaliliwa na nani hauwezi kulipita jambo hili kwa haraka.

Nyumba yenyewe iliuzwa mwaka 1781 kwa chama cha washona viatu wa Ayr, ikageuka kuwa nyumba ya ulevi. John Keats aliizuru mwaka 1818, akaandika soneti humo na kumlalamikia mtunzaji wake mlevi. Mwaka 1881 wadhamini wa mnara wa mshairi waliinunua, wakairudishia sura ya makazi ya mkulima. Basi si nyumba iliyouokoa ushairi. Ushairi ndio ulioiokoa nyumba.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Sifa kubwa ikaendea majumba ya mawe. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, tangu mwaka 1967, kimezikumbuka nyumba za watu wa kawaida. Lakini Kipemba, Kiamu na Kimtang'ata vimelelewa pia katika viambaza vya mashamba, na washairi ndio wadhamini wake. Kiambaza kikianguka hukandikwa tena; neno la lahaja likisahauliwa, halina udongo wa kulikandikia.